Shikamoo, Kombi: Siku Sita Kutoka Leicester Hadi Applecross

Siku ya kwanza: Leicester hadi Penrith

Tuliondoka saa moja unusu asubuhi, Jumamosi ya pili ya mwezi Juni, kuelekea Applecross, kijiji cha pwani huko Scotland. Tulikuwa watatu: mimi, mke wangu, na binti yetu wa miaka tisa aliyejitandazia kiti cha nyuma na daftari lake. Wa nne alikuwa Bibi mwenyewe. Bibi ni kombi ya Volkswagen ya mwaka 1971, nyeupe juu na rangi ya chungwa chini, iliyoundwa Hannover kisha ikatiwa kitanda, jiko na paa la kuinuka na mafundi wa Devon kule Sidmouth. Ananizidi umri kwa zaidi ya miaka kumi, ndiyo maana tukamwita Bibi.

Kabla sijapiga stata alikuja jirani yetu, mzee wa Kihindi mzaliwa wa Jinja. Alifika Leicester na wazazi wake mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia Uganda, na Kiswahili chake hakijachuja hata leo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana. Umebeba fenibelti ngapi?"

"Moja."

Akatoa nyingine mfukoni, imeviringwa kwenye gazeti. "Moja si akiba," alisema. Nikaipokea kwa mikono miwili.

Safari hii nimekusudia kuandika jambo moja ambalo ndugu zangu wa nyumbani, nikiwasimulia kwa simu, hudhani natia chumvi: salamu za wenye kombi. Kombi mbili za zamani zikikutana barabarani, madereva husalimiana. Hawajuani, hawatajuana, na hakuna sheria wala chama kinachowalazimisha. Mmoja huinua kiganja, mwingine vidole viwili, mwingine huwasha taa kubwa na kuzima. Kila mmoja anaendelea na njia yake. Mimi niliyekulia mahali ambapo mtu hapiti mlangoni kwa mwenzake bila kubisha hodi, nikaishi miaka ya mwanzo Uingereza nikipishana na watu kimya kama miti, siku ya kwanza niliyopungiwa na mgeni kutoka ndani ya kombi nilisimamisha gari pembeni. Nilidhani kuna kitu kinavuja.

Neno kombi nimekua nalo. Moshi, miaka ya themanini, kombi ya misheni ilipopita sisi watoto tulikimbilia ukingoni mwa barabara tukipunga mikono yote miwili, na padri alijibu kwa honi. Nilikuja kujua ukubwani kwamba neno lenyewe ni la Kijerumani lililofupishwa, Kombinationskraftwagen, gari la abiria na mizigo kwa pamoja.

Barabara kuu ya M6 si mahali pa salamu. Kati ya wanaokwenda na wanaorudi kuna ukuta wa chuma na njia tatu kila upande. Hata kwenye barabara ya kawaida muda ni mchache: sisi tunakwenda maili 55 kwa saa, naye vivyo hivyo, kwa hiyo tunasogeleana kwa mita karibu 49 kila sekunde. Ukimtambua akiwa mita 200 mbele una sekunde nne. Katika sekunde hizo utambue uso wa gari, uondoe mkono kwenye usukani, upunge, upungiwe. Uso ndio unaosaidia, maana kombi ina uso: duara mbili za taa, nembo kubwa katikati, na kwa umri wa Bibi, indiketa chini karibu na bampa. Zilizotoka baadaye indiketa zimepandishwa juu.

Baada ya Tebay ukaja mlima wa Shap, mita 316 kutoka usawa wa bahari. Injini ya Bibi iko nyuma, ni ya cc 1600, nguvu ya farasi 50, na inapozwa na upepo tu. Hana rejeta wala tone la maji. Nilirudi gia ya tatu, malori yakatupita moja moja, nasi tukapanda bila kuona haya. Pale Tebay tuliposimama kunywa chai, T25 ya kijivu, kombi ya kizazi cha baada ya Bibi, iliingia na kuegesha kando yetu ingawa maegesho yalikuwa matupu. Hiyo nayo ni salamu.

Binti yangu aliuliza nani anapaswa kuanza kusalimia. Nilimweleza vizazi. Za kwanza, za mwaka 1950 hadi 1967, kioo cha mbele kimegawanyika vipande viwili, na wenyewe huziita Split. Zikafuata kama Bibi, kioo kimoja kipana kilichopinda, zinazoitwa Bay, hadi mwaka 1979. Kisha zikaja za pembepembe, T25. Utaratibu haukuandikwa popote, lakini kwa miaka minne niliyoendesha nimeona mdogo ndiye huanza. Akafikiri kidogo, akaandika kwenye daftari: Split, shikamoo. Bay, mambo. T25, subiri uamkiwe.

Siku ya pili: Penrith hadi Loch Lomond

Tulivuka mpaka wa Scotland pale Gretna, tukapita Glasgow salama, na tangu tulipoingia barabara ya A82, ziwa la Loch Lomond likiwa kulia kwetu, salamu zilianza kumiminika. Juni ni mwezi wao. Bay ya bluu yenye mbao mbili za kuteleza mawimbini juu ya paa. Split ya kijani, na sauti ya "Shikamooo!" kutoka nyuma iliyonipasua sikio. T25 tatu zilizofuatana kama siafu.

Moja ilitushangaza. Uingereza dereva hukaa kulia, upande wa yule mnayepishana naye, basi macho yangu huenda hapo moja kwa moja. Nilipunga mkono, nikaona aliyeketi pale ni mbwa mkubwa mweupe, ametulia kama mzee wa baraza. Ilikuwa kombi iliyoletwa kutoka Marekani, usukani kushoto. Wengi huziagiza California kwa sababu ukame wa huko haukuzila kwa kutu. Dereva wake tulimwona dakika ya mwisho akipunga kutoka upande wa pili, nyuma ya mbwa.

Karibu na Tarbet ikaja Volkswagen mpya, T5 nyeusi inayong'aa, na dereva wake akainua mkono. Sikuinua wangu.

"Mbona hukuitikia?" mke wangu aliuliza.

"Ile ni mpya. Ina kiyoyozi."

Alinyamaza mwendo wa kona mbili. Yeye ni mtu wa Pangani, amelelewa na bibi yake. "Kutoa salamu ni sunna," alisema hatimaye. "Kuitikia ni wajibu. Hakuna aliyesema habari za kiyoyozi."

Suala hili linawagawa wenye kombi kwelikweli. Wapo wanaosema salamu ni ya magari ya kupozwa na upepo peke yake, kwa kuwa ndiyo yanayoharibika na kuwaunganisha watu. Siku ile nami nilikuwa upande huo. Tulilala kando ya ziwa, saa nne usiku bado kweupe, binti akihesabu alama za daftari hadi akasinzia kwenye ya 23.

Siku ya tatu: nyika ya Rannoch

Siku hii nitaiandika kwa kirefu.

Baada ya Tyndrum barabara inapanda na kutokeza kwenye nyika ya Rannoch. Ni tambarare ya majani ya kahawia, mawe na vidimbwi visivyohesabika, hakuna nyumba, hakuna mti wa kuegemea. Upepo unapita bila kizuizi. Hapo, saa tano kasoro, taa nyekundu ya dinamo iliwaka.

Kwenye gari nyingine taa hiyo ni habari ya betri, unaweza kujikongoja hadi gereji. Kwetu ni habari ya uhai wa injini, kwa sababu mkanda unaozungusha dinamo, yaani fenibelti, ndio uleule unaozungusha feni ya kupoza. Mkanda ukikatika, una muda mfupi sana kabla injini haijajiunguza. Nilizima palepale, nikaliacha gari lijikokote hadi kwenye changarawe kando ya njia. Nilipofungua buti dogo la injini, harufu ya mpira ulioungua ilinipokea. Mkanda ulikuwa umegeuka nyuzi.

Mikanda ya akiba nilikuwa nayo miwili. Nilimshukuru mzee wa Jinja kwa sauti. Lakini kuvaa mkanda mpya kunataka kufungua puli ya dinamo, na puli ile imekazwa kwa nati ya 21. Nilimwaga spana zote juu ya turubai: 10, 13, 17, 19, halafu 22. Ile ya 21 nilikuwa nimeiacha juu ya meza ya kazi, na niliiona kwa macho ya moyo mahali ilipolala.

Waliopita walipita. Gari ndogo mbili zilipunguza mwendo, wakauliza kama tuko salama, lakini hawakuwa na spana. Baada ya dakika kama ishirini ilisimama T5. Ya kijivu hii, siyo ile ya jana, lakini mpya vilevile. Akashuka mama wa makamo, nywele za mvi fupi, mikono ya koti imekunjwa kabla hajafika kwetu.

"Mkanda?" aliuliza kwa mbali.

"Mkanda."

"Ya 21?"

Sikuwa nimeitaja. Alirudi nyuma ya gari lake akatoka na kifuko cha turubai kilichochakaa, na ndani spana zimepangwa kwa usafi kuliko vijiko vya harusi. Tulisubiri injini ipoe. Kisha alishika bisibisi, akaiingiza kwenye pengo la puli na kuiegemeza kwenye bolti ya dinamo ili puli isizunguke, nami nikakaza mkono hadi nati ikaachia. Kati ya nusu mbili za puli kuna washa nyembamba. Ukizitoa, nusu zinakaribiana na mkanda unakaza, ukiongeza, unalegea. Unazotoa hutupi, unazivisha kwa nje chini ya nati ili zisipotee. Aliziweka kiganjani akazihesabu. Tulijaribu mara ya kwanza, mkanda ukalegea. Tukatoa washa moja, tukafunga tena. Alibonyeza katikati ya mkanda kwa kidole gumba, ukashuka kama sentimita moja na nusu, akatikisa kichwa kukubali.

Nilimuuliza amejifunzia wapi. Alikuwa na Bay ya mwaka 1974, akaiuza alipojifungua mapacha, pesa zikawa hazitoshi na usalama wa watoto ukawa mbele. Hiyo ni zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Kifuko cha spana hakukiuza.

"Na bado napunga," alisema, akifuta oili vidoleni. "Wengi hawaitikii siku hizi, nikiwa ndani ya hili. Gari niliuza. Mkono sikuuza."

Mke wangu hakunitazama. Alimmiminia yule mama chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa na kumkatia kipande cha mkate wa kumimina, wakakaa wawili kwenye kizingiti cha mlango wa Bibi wakizungumza habari za mapacha. Mimi nilizungusha ufunguo. Taa nyekundu iliwaka, ikazimika. Niliisikiliza ile injini kama mtu anayesikiliza mgonjwa akikohoa na kupata nafuu.

Tulishuka Glencoe alasiri, milima imesimama pande zote, mawingu yamekaa mabegani mwake. Hapa ndipo, tarehe 13 Februari 1692, askari waliokuwa wamekaribishwa na ukoo wa MacDonald, wakala na kulala majumbani mwao kwa karibu wiki mbili, waliamka alfajiri na kuwaua wenyeji wao. Zaidi ya miaka 300 imepita na watu wa hapa bado wanalitaja kwa uchungu wa jana. Nadhani nalielewa jambo hilo. Watu wameuana sana duniani. Lakini kula chumvi ya mtu halafu ukamfanya hivyo, hilo halizeeki.

Kutoka Ballachulish hadi Fort William nilimpungia kila mwenye Volkswagen, mpya na kuukuu, hata gari moja la fundi bomba lenye ngazi juu. Fundi bomba alipunga.

Siku ya nne: Fort William hadi Sligachan

Daraja la reli la Glenfinnan, matao 21, tuliliona kwa haraka kwa sababu watu walikuwa wengi. Tulipanda feri Mallaig, nusu saa na ushei baharini, tukashukia Armadale kisiwani Skye. Ndani ya feri Bibi aliwekwa nyuma ya Bay nyingine na hatukuweza kushuka mpaka tumebadilishana habari za kabureta.

Jioni tulipiga kambi Sligachan, chini ya milima ya Cuillin. Visubi walitushukia kama wingu. Upepo ukitulia tu, wanaingia puani, masikioni, kwenye chai. Tuliokolewa na moshi wa jiko la mkaa la jirani, na jirani huyo alikuwa mzee mwenye Split ya mwaka 1966, rangi ya maziwa, akisafiri peke yake.

Binti yangu hakupoteza muda. Alisimama mbele ya ile Split, akainamisha kichwa kidogo kama nyanya yake alivyomfundisha, akasema, "Shikamoo." Mzee aliuliza anaambiwa nini. Ikabidi nieleze: ni salamu ya mdogo kwa mkubwa, na mkubwa anaitika marahaba. Aliyeamkiwa hasa ni gari, nikaongeza, ila gari likishindwa kujibu mwenyewe anaweza kuitika kwa niaba yake. Mzee hakucheka. Aliweka mkono juu ya pua ya kombi yake na kulijaribu neno. Ulimi ulimgomea kwenye h. Akajaribu tena.

Naye alitufundisha lake. Vioo vya mbele vya Split yake vina bawaba kwa juu, unavisukuma kutoka chini vikafunguka na upepo ukaingia hadi kifuani. Viliwekwa kwa ajili ya nchi za joto, na wenye kombi, dunia nzima wanaozungumza Kiingereza, huviita vioo vya safari. Binti aliliandika neno hilo kwa herufi kubwa na kulipigia mstari, kwa fahari ya mtu aliyekuta kitu cha kwao nyumbani kwa watu.

Tulizungumza hadi usiku ambao haukuwa usiku. Alisimulia jinsi Mholanzi Ben Pon, mwezi Aprili mwaka 1947, alivyochora kwenye daftari lake kisanduku chenye magurudumu, injini nyuma na dereva mbele kabisa. Mchoro wenyewe ni mistari michache tu. Aliisimulia kama mtu anayesimulia kuzaliwa kwa babu. Nikamuuliza kwa nini anapunga. Alikaa kimya kidogo, akasema mke wake alikuwa ndiye anayepunga, yeye aliendesha tu. Sasa anafanya yote mawili.

Asubuhi tulipoamka alikuwa ameshaondoka kuelekea Applecross. Kwenye wipa ya Bibi alituachia washa tatu za puli zilizofungwa kwa uzi.

Siku ya tano: kaskazini mwa Skye

Siku nyepesi. Tulizunguka rasi ya Trotternish kwa barabara nyembamba ya kutosha gari moja, ambako magari hupishana kwenye vituo vidogo vilivyochongwa kando. Anayepishwa huinua mkono kushukuru, aliyempisha huinua kujibu, kwa hiyo kutwa nzima kila mtu alikuwa akimpungia kila mtu, lori la samaki, posta, basi la watalii. Binti alikata tamaa ya kuhesabu.

Karibu na Staffin tulikuta Bay nyekundu ya kukodi imesimama, vijana wawili wa Kihispania wanaizunguka wakiikagua. Tulisimama. Walikuwa na wasiwasi kwamba mlango umefunguka au kuna kitu kinaning'inia, kwa sababu tangu asubuhi watu wanawapungia. Mke wangu aliwaeleza. Nyuso zao zilibadilika mbele yetu. Yule dada alirudia swali mara mbili: kwa hiyo wanatusalimu tu? Saa moja baadaye tulikutana nao tena Uig, na yeye alikuwa ametoa mkono mzima nje ya dirisha, hadi begani.

Zamani nyumbani tulinunua kadi za salamu, tukaandika majina ya watu kumi, tukazituma redioni ili mtangazaji awasomee. Salamu ni nusu ya kuonana, tulisema. Nililikumbuka hilo nikiutazama mkono wa yule dada ukizidi kuwa mdogo kwenye kioo changu.

Siku ya sita: Bealach na Bà

Tulivuka daraja la Skye asubuhi, tukapita Lochcarron, na saa sita tulikuwa Tornapress, mbele ya bango kubwa linaloonya wenye karavani na magari makubwa wasipite. Bealach na Bà kwa Kigaeli ni njia ya ng'ombe mlimani, na wafugaji waliswaga mifugo humu kwenda minadani. Inaanza usawa wa bahari na kufika mita 626. Mke wangu aliuliza kama Bibi ataweza. Niligusa mkanda, ulikuwa umekaza vizuri.

Tulipanda gia ya pili, kisha ya kwanza. Injini ililia mlio wake wa cherehani. Bonde lilifunguka kushoto, ukungu ukashuka, na mbele zikatokea zile kona kali zilizokunjwa juu ya mgongo wa mlima. Hapo juu, nikiwa natafuta pa kupumulia, nikaona duara mbili za taa zinashuka kwenye ukungu, kioo kimegawanyika katikati, rangi ya maziwa.

Desturi ya mlimani ni kwamba anayeshuka humpisha anayepanda, maana anayepanda akisimama huenda asiondoke tena. Mzee alikuwa ameshaingia kwenye kituo chake na kuzima injini. Mkubwa alikuwa anatusubiri sisi wadogo, na vioo vyake vya safari vilikuwa wazi licha ya baridi.

Binti alifungua dirisha, akatoa kichwa chote.

"Shikamoo!"

Tulikuwa tukipita taratibu mno, kwa mwendo wa mtu anayetembea, kwa hiyo nilimwona vizuri. Alivua kofia kwanza.

"Ma-ra-ha-ba," alisema, silabi moja moja, na h ilikuwa mahali pake.

Nilitamani kusimama. Mlima haukuruhusu. Niliinua kiganja, yeye akainua chake, na Bibi akaendelea kupanda.